Kitabu cha Lishe cha Bure na Gharama Zake

Mhadhiri anapoandika jina la kitabu cha kiada kwenye mpango wa somo la utangulizi wa lishe, anatumia fedha zisizo zake. Yeye anachagua, mwanafunzi analipa. Mnunuzi wa sukari akiona bei imepanda huenda duka la pili; mwanafunzi hana duka la pili, maana mtihani utatoka kwenye kitabu kilekile kilichotajwa. Soko la namna hiyo halina kinachoizuia bei. Huko Marekani, ambako vitabu vingi vya lishe vinavyosomwa hata vyuoni kwetu huandikwa na kuchapwa, ofisi ya serikali ya takwimu za kazi ilifuatilia bei za vitabu vya vyuo kuanzia mwaka 2006 hadi 2016 ikakuta zimepanda kwa asilimia 88. Karo, ambayo ndiyo kilio cha kila mzazi, ilipanda kwa asilimia 63 katika kipindi hichohicho.

Siku hizi ipo njia nyingine, nayo ni kitabu huria: kinasomwa bure, kinanakiliwa, kinachapwa na hata kuandikwa upya, yote kwa idhini ya walioandika. Hapa nalinganisha vitabu vitatu vya lishe vya aina hiyo na njia nyingine alizonazo mwanafunzi. Msimamo wangu nautaja mapema. Kwa somo la utangulizi katika chuo cha Morogoro, Dodoma au Nairobi, ningechukua kitabu huria bila kusita. Ila sababu zangu si zilezile zinazotolewa Marekani, na gharama hazifutiki. Zinatoka mfukoni mwa mwanafunzi na kuingia kwenye saa za mhadhiri, na chuo kisichokubali hilo tangu mwanzo kitaishia na faili ambalo halifunguliwi na mtu.

Tuanze na kitabu cha dukani. Understanding Nutrition cha Whitney na Rolfes, Nutrition: An Applied Approach cha Thompson na Manore, Perspectives in Nutrition cha Wardlaw: haya ni majina ambayo mwalimu wa lishe hahitaji kuelezwa. Kikiwa kipya, kitabu cha kundi hili huvuka dola 100 kwa urahisi, na matoleo mengine hukaribia 200 au kuzipita. Kwa fedha hizo unapata kazi nzuri kweli. Michoro ya utumbo na seli ni ya ustadi, sura zimepita mikononi mwa wahariri na wataalamu, faharasa inaaminika. Mhadhiri naye hupewa vyake bila kulipa: nakala ya kufundishia, slaidi, na hazina ya maswali ya mtihani. Hazina hiyo ya maswali ndiyo inayomfunga kwenye kitabu mwaka hadi mwaka kuliko ubora wa sura zenyewe, na anayeigharamia ni mwanafunzi aliyeketi mbele yake.

Matoleo ya karibuni huuzwa pamoja na namba ya kuingilia mtandaoni, kwenye mazoezi na programu ya kuchambua mlo. Namba hiyo hutumika mara moja. Mwanafunzi akimaliza somo hawezi kumwachia mdogo wake anayeingia mwaka wa kwanza, na kitabu cha mtumba kisicho na namba hakimsaidii anayetakiwa kuwasilisha mazoezi kwa njia hiyo. Soko la vitabu vilivyotumika, ambalo kwa miaka mingi lilikuwa kimbilio la wasio na uwezo, linabanwa hivyo. Mwaka 2018 kampuni ya Cengage, wachapishaji wa Whitney na Rolfes, ilianza kuuza usajili wa dola 119.99 kwa muhula, ukimpa mwanafunzi vitabu vyake vyote vya kidijiti. Anayesoma masomo manne yanayotumia vitabu vya kampuni hiyo amepata nafuu kubwa. Anayesoma moja amekodi kitabu kwa bei ya kununua, na muhula ukiisha hana kitu mkononi.

Kuna pia matoleo ya kimataifa, yenye jalada laini na karatasi nyepesi, ambayo wachapishaji huyauza Asia kwa bei ya chini. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand, aliagiza matoleo ya namna hiyo kutoka kwao akayauza Marekani. Kampuni ya John Wiley ikamshitaki, na mwaka 2013 Mahakama ya Juu ya Marekani ikampa yeye haki kwa kura 6 dhidi ya 3. Kwa mnunuzi, somo la kesi ile ni kwamba kitabu kimoja kinaweza kuwa na bei mbili, na aliye Dar es Salaam hana sababu ya kulipa ile ya Boston kabla ya kuulizia nyingine.

Kabla ya kununua chochote, muulize mkutubi kuhusu Hinari. Ni mpango ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji wakubwa, unaozifungulia taasisi za nchi za kipato cha chini majarida na vitabu vya afya, bure au kwa ada ndogo kulingana na kundi la nchi. Nywila huwa maktabani. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu anayeandika utafiti, Hinari ina thamani kuliko kitabu chochote cha kiada. Kwa mwaka wa kwanza, anayehitaji sura zinazofuatana kuanzia mmeng'enyo hadi vitamini, haitoshi.

Sasa tuseme ukweli kuhusu darasa la kwetu. Chukua wanafunzi 60 na kitabu cha dola 120. Ukikadiria dola kuwa shilingi 2,500 za Tanzania, ni shilingi 300,000 kwa kila mmoja na milioni 18 kwa darasa zima. Hesabu za Marekani huishia hapo na kutangaza kwamba kitabu huria kimeokoa milioni 18. Kwetu hesabu hiyo si ya kweli, kwa sababu milioni 18 hazingetumika kamwe. Bumu, yaani fedha ya mkopo ya kujikimu, haliwezi kubeba kitabu cha laki tatu kwa somo moja. Kinachotokea kinajulikana: maktaba ina nakala mbili za toleo la zamani, moja imechanika sura ya madini, steshenari iliyo nje ya geti ina kopi ya kopi, na darasa linasoma desa, vitini vilivyorithishwa tangu mwaka ambao hakuna anayeukumbuka, vyenye michoro iliyogeuka doa jeusi. Mshindani wa kitabu huria hapa ni desa. Kwa hiyo swali la kuuliza ni mwanafunzi atakuwa na kitabu gani mkononi, kikiwa kizima kiasi gani, na kikiwa cha mwaka gani.

Mwaka una uzito mkubwa katika lishe. Ukitaka kupima umri wa kitabu au kitini chochote, fungua ukurasa wa potasiamu. Mwaka 2005 wataalamu wa Marekani waliweka kiwango cha kutosha kwa mtu mzima kuwa miligramu 4,700 kwa siku. Mwaka 2019 walikipitia upya, kikawa 2,600 kwa wanawake na 3,400 kwa wanaume. Usichanganye na kiwango cha kwenye lebo za vyakula vya Marekani, ambacho kimebaki 4,700. Angalia jedwali la mahitaji kwa umri na jinsi. Kikiwa bado 4,700 kwa kila mtu mzima, ujue unachosoma kiliandikwa kabla ya mabadiliko na hakikuguswa tena. Kipimo hicho kinafaa kwa kitabu cha mtumba, kwa desa, na kwa kitabu huria pia, kwani si vitabu huria vyote vinavyotunzwa.

Jinsi vitabu hivi vilivyozaliwa inaeleza kwa nini vinaaminika. Mwaka 2012 kampuni ya Flat World Knowledge ilitoa An Introduction to Nutrition cha Maureen Zimmerman na Beth Snow, kikisomeka bure mtandaoni. Mwishoni mwa mwaka huohuo kampuni ilitangaza kwamba kuanzia Januari 2013 hakutakuwa na kusoma bure tena. Kingekuwa kimetolewa kama hisani ya kampuni, kingefungwa siku hiyo. Lakini kilikuwa kimetoka kwa leseni ya Creative Commons, ambayo haiwezi kutenguliwa kwa nakala zilizokwisha kutolewa. Nakala zikaendelea kuzunguka, na leo kitabu hicho kimo LibreTexts, maktaba ya vitabu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha California, Davis, mwaka 2008. Anayechagua kitabu kwa ajili ya chuo aanze na leseni kabla ya kutazama jalada. Kitabu ambacho ni bure leo kwa sababu mwenye nacho ameamua hivyo kinaweza kuwa cha kulipia muhula ujao, katikati ya masomo.

Kati ya vitatu nilivyovilinganisha, cha kwanza ni Human Nutrition cha Chuo Kikuu cha Hawaii, Mānoa, kilichotoka mwaka 2018 na kutolewa upya 2020. Ni kinene, kina sura za kila rika kuanzia ujauzito hadi uzee, na kiliandikwa kwa nia ya kuonyesha vyakula vya Hawaii na visiwa vya Pasifiki. Ndiyo maana utakuta humo magimbi, zao ambalo msomaji wa Pemba au Kilimanjaro hahitaji kuelezwa. Hakikuandikwa kwa ajili yetu, lakini waandishi wake walikuwa na tatizo letu: vitabu vya bara Marekani havikutaja chakula cha watu wao. Wakaamua kukitaja wenyewe.

Cha pili ni Nutrition: Science and Everyday Application cha Alice Callahan, Heather Leonard na Tamberly Powell wa Lane Community College, jimboni Oregon, kilichotoka mwaka 2020 kwa msaada wa mpango wa jimbo hilo wa vitabu huria. Hiki ndicho ninachokipenda zaidi kwa mwaka wa kwanza. Lugha yake ni nyepesi, kila sehemu ina maswali ya kujipima, na mapema kabisa, kabla ya wanga na protini, kinatenga sura nzima ya kumfundisha mwanafunzi kutofautisha utafiti na tangazo. Katika nchi ambamo unga wa kupunguza kitambi na dawa za kusafisha damu vinauzwa kwa ushuhuda wa WhatsApp, sura hiyo peke yake inatosha kukileta darasani. Ukifika mwisho wa sura utaona walikochota: baadhi ya vipande vimetoka kitabu cha Hawaii, vingine kitabu huria cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Kansas. Vimekatwa, vimesahihishwa na kuunganishwa upya, na chanzo kimetajwa waziwazi. Tunaruhusiwa kuwafanyia wao walichowafanyia wenzao.

Cha tatu ni Nutrition for Nurses cha OpenStax, shirika la Chuo Kikuu cha Rice, Houston, lililoanza kutoa vitabu vya kiada mwaka 2012 kwa fedha za wafadhili. Hiki kilitoka 2024, kimepangwa kwa mifumo ya mwili na kumlenga muuguzi anayemhudumia mgonjwa. Kwa vyuo vya uuguzi kinafaa. Kwa mwanafunzi wa sayansi ya lishe kina mapengo katika kemia ya virutubishi. OpenStax pia huwapa walimu waliothibitishwa slaidi na nyenzo nyingine, jambo linalopunguza ile shida ya hazina ya maswali.

Je, anayesoma kitabu cha bure anaelewa kidogo kuliko aliyenunua? Utafiti mkubwa wa Chuo Kikuu cha Georgia uliochapishwa mwaka 2018 uliwatazama wanafunzi 21,822 katika masomo yaliyohamia vitabu vya OpenStax. Alama zilipanda, waliofeli na walioacha somo wakapungua, na waliofaidika zaidi walikuwa wale wenye kipato kidogo na wasiosoma kwa muda wote. Yalikuwa masomo mengine, si lishe, na nisingedai kwamba matokeo hayo yatajirudia Mzumbe au Eldoret kwa kiwango kilekile. Sababu yake hata hivyo haina siri: mwanafunzi aliye na kitabu tangu wiki ya kwanza husoma kuliko anayengoja zamu ya kopi.

Sasa gharama. Ya kwanza ni karatasi. Ukichagua kurasa 300 na steshenari ikatoza shilingi 50 kwa ukurasa, ni shilingi 15,000, na kufunga jalada juu yake. Sura zisizofundishwa zisichapwe. Leseni ya kitabu cha Oregon inakataza matumizi ya kibiashara, kwa hiyo chuo kisikigeuze kuwa mradi wa mapato. Gharama ya pili ni bando. Toleo la mtandaoni lina video, na video humaliza bando kabla sura haijaisha. Pakua faili mara moja kwenye Wi-Fi ya chuo, liweke kwenye flashi, lisambazwe kwenye kundi la darasa. Hakuna sheria inayovunjwa. Palipo na faili la EPUB, lipendelee kuliko PDF, kwa sababu maandishi yake hujipanga kulingana na kioo cha simu na macho hayachoki upesi.

Gharama ya tatu ndiyo kubwa, nayo ni kazi ya kukirekebisha kitabu kiendane na mazingira yetu. Udumavu wa watoto chini ya miaka mitano mwaka 2022 ulikuwa asilimia 30 Tanzania na asilimia 18 Kenya. Kitabu cha Marekani, cha kulipia au cha bure, kimejaa soda, kalori na uzito uliozidi. Hayo nayo yapo mijini kwetu na yanakua, lakini mhitimu atakayepangiwa kazi halmashauri ya wilaya atakutana na mama mwenye upungufu wa damu na mtoto mfupi kuliko umri wake. Sura ya madini ya chuma inayozungumzia nyama ya ng'ombe na nafaka za kifungua kinywa, bila kusema kwamba chai ya rangi inayonywewa pamoja na maharage hupunguza ufyonzwaji wa chuma, haijamwandaa. Sura ya kalsiamu inayosifu maziwa na kunyamazia dagaa wanaoliwa na mifupa yao imeacha chanzo kilichopo sokoni kwa bei ya fungu. Mchicha nao una kalsiamu nyingi kwenye jedwali, lakini oksaleti huizuia isifyonzwe. Mwanafunzi asipofundishwa hilo atampa mama ushauri wenye namba nzuri na faida ndogo.

Kitabu cha dukani hakikuruhusu kugusa hata mstari. Kitabu huria kinakuruhusu kuandika yote hayo ndani ya sura yenyewe, mahali pake, na kubadilisha kila zoezi la uchambuzi wa mlo. Vifaa vipo na ni vya bure. Jedwali la viini lishe vya vyakula vya Tanzania lilitoka mwaka 2008 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Muhimbili, Taasisi ya Chakula na Lishe na Chuo Kikuu cha Harvard. Kenya ilitoa la kwake mwaka 2018 pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, likiambatana na kitabu cha mapishi ya Kenya. Mwanafunzi anayechambua mlo wake kwa majedwali haya anahesabu ugali wa dona, kisamvu cha nazi na ndizi za kupika, vitu anavyovila. Akitumia hazina ya vyakula ya Marekani peke yake, ambayo nayo ni bure, atabaki kubahatisha kipi kinafanana na kipi.

Kazi hiyo ina saa zake. Ukitenga saa tatu kwa kila sura katika sura 11 za kitabu cha Oregon, ni saa 33 kabla ya kutunga swali moja la mtihani, na nadhani saa tatu ni makadirio ya mtu mwenye haraka. Mhadhiri mwenye vipindi vya kutosha na mitihani ya kusahihisha hatazipata usiku. Oregon haikutegemea moyo wa kujitolea. Mpango wa jimbo ulitoa msaada wa fedha ili kazi ifanyike. Idara inayotaka kitabu huria impunguzie mwalimu kipindi kimoja kwa muhula mmoja, au igawanye sura kwa walimu wanne na kuhesabu kazi hiyo kama uandishi wakati wa kupandishwa vyeo. Bila hivyo kitabu kitapakuliwa kama kilivyo, na magimbi ya Hawaii yataendelea kuwa chakula pekee humo kinachofanana na chetu.

Wakati wa kuunganisha vipande, angalia masharti. Leseni inayodai kutaja waandishi tu ndiyo huru kuliko zote. Inayozuia biashara haimkwazi mwalimu. Inayodai kazi itokanayo itolewe kwa masharti yaleyale, kama ya kitabu cha Kansas, itaamua leseni ya kitabu chako chote ukichanganya sura bila kuzitenga. Inayokataza mabadiliko iache. Kwa shabaha hii haina tofauti na kitabu cha dukani. Leseni za vitabu vya Hawaii na Oregon hazikatazi tafsiri, na hapo naona kazi ambayo hakuna mchapishaji wa Boston atakayeifanya: sura ya lishe ya mama na mtoto, kwa Kiswahili safi, mkononi mwa mhudumu wa afya wa kijiji.

Kwa tiba lishe ya mwaka wa tatu na wa nne ushauri wangu ni mwingine. Kumlisha mgonjwa wa figo au mtoto aliyeungua kunahitaji kitabu kipana na kilichohaririwa kwa kina kuliko hivi vitatu, na Krause, ambacho wataalamu wa lishe duniani kote wanakijua, kinastahili bei yake. Ilipe maktaba. Fedha ambazo chuo kingetumia kununua nakala chache za kitabu cha utangulizi kila toleo linapobadilika zielekezwe huko: nakala tatu za toleo jipya, za kusomea mlemle maktabani, na moja ikae katika wodi wanakofanyia mazoezi.